Biskuti ya Saba

Kwanza ilisikika sauti. Vuuuuu! Ilianzia chini ya jengo kama nyuki waliofungiwa kwenye pipa, ikapanda mpaka ikawa mluzi, kisha ikaanza kushuka, ikakoroma, ikakohoa, ikafa. Kimya kidogo. Halafu: tak.

Taa ya ngazi ilikuwa imejizima yenyewe, kama kawaida yake. Hillevi akapapasa ukuta mpaka akaipata swichi. Mwanga ulipowaka, mwanawe Melker alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mwisho, buti za theluji miguuni, soksi ya njano mkononi, macho yameganda kwenye mlango wa chuma wa chumba cha kufulia.

"Si zamu yetu, kipenzi," Hillevi alisema.

"Jumanne," alisema Melker.

"Najua ni Jumanne."

"Jumanne," alirudia Melker, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akaanza kujipiga paji la uso kwa ngumi.

Melker alikuwa na miaka tisa na usonji, na maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kijiko cha chai. Hakuhitaji mengi. Kwa miaka miwili, kila Jumanne jioni, alikuwa na kitu kilichompa raha kuliko maneno: mashine namba tatu. Mama yake aliijaza nguo, yeye akatia soksi ya njano mwisho kabisa ili aione ikizunguka, akaufunga ule mlango wa kioo kwa mikono miwili, tak, akaketi mbele yake kama watu wengine wanavyoketi mbele ya fainali ya mpira. Jumanne usiku alilala. Jumatano alikwenda shule akiimba. Wiki yao nzima ilining'inia kwenye msumari huo mmoja.

Sasa msumari ulikuwa umeng'olewa, na aliyeung'oa alikuwa mle ndani, nyuma ya mlango wa chuma. Jina lake Rutger. Alihamia ghorofa ya tano mwanzo wa baridi, mzee mrefu mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote hadi kidevuni. Tangu ahamie hakuna aliyemsikia akisema chochote zaidi ya "habari", na hiyo yenyewe aliisema akiutazama mlango wa lifti.

Katika jengo lile mtu aliweza kusamehewa kuiba baiskeli, hata mume, lakini si zamu ya kufua. Nje ya chumba cha kufulia palikuwa na ubao wenye matundu, kila tundu siku na saa zake. Kila nyumba ilikuwa na kufuli moja dogo lenye namba ya mlango. Ulichomeka kufuli lako kwenye tundu, ukageuza ufunguo, zamu ikawa yako. Zamu ikiisha, unalichomoa. Ukitaka ya wiki ijayo, unalichomeka tena, kama hujawahiwa. Na nani atakuwahi, wakati uliyesimama pale na ufunguo mkononi ni wewe?

Kwa miaka miwili Hillevi ndiye aliyekuwa akisimama pale. Saa mbili usiku ikigonga, anachomoa, anavuta pumzi moja kwa ajili ya sheria, anachomeka. Hakuna aliyelalamika, walau si kwa mdomo. Halafu Jumanne moja ya Januari Melker akaumwa katikati ya zamu; Hillevi akalichomoa kufuli, wakakimbilia hospitali Falun wakalala huko, kufuli likiwa bado mfukoni mwake. Aliporudi, tundu la Jumanne lilikuwa na namba ya Rutger. Na kila Jumanne tangu hapo, saa mbili ikigonga, mzee anachomoa, anavuta pumzi, anachomeka.

Hillevi alijaribu kufua Jumatano. Melker alilala chali mbele ya mashine akaziba masikio. Mashine ilikuwa ileile, soksi ileile, lakini Jumatano haikuwa Jumanne, na mtoto hakuona kwa nini jambo dogo hivyo linawashinda watu wazima. Akaacha kulala. Akaacha shule, kwanza Jumatano, kisha na Alhamisi. Jirani mmoja akabandika karatasi kwenye lifti: *Kwa wewe unayegonga ukuta usiku: sisi wengine tunafanya kazi.* Chini yake mwingine akachora uso unaocheka, na huo ndio uliomliza Hillevi.

*

Kila Alhamisi kikundi cha familia zenye watoto wa usonji kilikutana kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Walikuwa wazazi na mabibi wachache, chupa mbili za kahawa, sinia ya maandazi ya mdalasini, na viti vya watoto vilivyowafanya wote wakae magoti yakigusa kidevu. Halmashauri ya mji iliwapa vipeperushi vyenye picha za familia zinazocheka kwenye nyasi. Iliwapa pia foleni ya kumwona mtaalamu, ndefu kiasi kwamba mtoto aliyeingia na meno ya utoto angetoka na ndevu. Kikundi chenyewe kilitoa vitu vya kushikika. Hapo ndipo Hillevi alipojua kinyozi gani mjini Borlänge anakata nywele bila kugusa masikio, daktari gani wa meno anakubali kuzima taa, na kwamba blanketi zito huazimwa kwa Börje, dereva wa basi mwenye mapacha wa miaka ishirini waliowahi kuyapitia yote.

Aliyemleta hapo ni Gunhild, jirani yake wa ghorofa ya kwanza, bibi wa miaka themanini na kitu, kiuno kibovu, ulimi mzima. Mjukuu wake alikuwa na usonji pia, mtu mzima sasa, anaishi kwake na paka. Gunhild aliendelea kuja kikundini, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu hakuna mahali pengine mjini ambapo watu hawasemi uongo kuhusu watoto wao.

Hillevi alieleza habari za Jumanne. Waliguna, wakasogeza maandazi karibu yake.

"Umemwuliza?" Börje alisema.

"Nimemwuliza nani?"

"Huyo mzee. Umemwuliza kama mnaweza kubadilishana?"

Chumba kizima kikamtazama Börje kana kwamba amevua suruali.

"Ana kwa ana?" Hillevi alisema.

"Ndiyo. Kwa mdomo."

"Börje," Gunhild alisema kwa huruma, "unaendesha basi siku nyingi mno, umezoea kusema na watu. Mtu anaishi ghorofa ya tano! Utamkuta wapi, kwenye lifti? Umzungumzishe mtu kwenye lifti, hana pa kukimbilia?"

"Niliandika barua," Hillevi alisema. "Niliichana."

"Na ulifanya vizuri. Barua ni uchokozi." Gunhild alichovya andazi kwenye kahawa, akalinyonya polepole, na wote waliomjua waliona macho yake yakianza kung'aa vibaya. "Hebu niambieni. Sheria ya jengo inasemaje mtu akichelewa zamu yake?"

"Nusu saa," Hillevi alisema. "Akichelewa nusu saa amepoteza. Atakayekuwepo anaitumia."

"Na kufuli la wiki ijayo?"

"Aliyeitumia zamu ndiye anayeanza kuchomeka. Mwingine analichomoa lake."

"Basi," alisema Gunhild. "Mzee wa watu anahitaji tu kuchelewa nusu saa. Na mimi sijaalika mtu kahawa tangu Pasaka."

"Atakunywa kikombe kimoja aondoke," alisema Börje.

"Kikombe ndiyo. Lakini mimi nilifundishwa na mama yangu." Gunhild akanyoosha vidole saba vyenye baridi yabisi. "Aina saba za biskuti, mwanangu. Saba! Chini ya saba mwenyeji ni bahili, na mgeni akiruka hata moja amemtukana mwenyeji na ukoo wake. Mzee wa umri ule analijua hilo kabla hajajua jina lake. Nitazileta mojamoja. Na kila moja ina historia yake."

"Hiyo si haki," alisema Börje, lakini alikuwa ameshaanza kucheka.

"Wewe utakuja kuwa mgeni wa pili, uniongezee maneno. Na simu yako uiweke chini ya meza umpe huyu mama habari."

Hillevi alijua ilimpasa kukataa. Alifikiria ngumi ndogo kwenye paji la uso, akachukua andazi la pili.

*

Jumanne iliyofuata, saa kumi na nusu jioni, Rutger aliingia kwa Gunhild na koti lake limefungwa hadi kidevuni. Kwa nini alikubali? Kwa sababu kadi ya mwaliko ilisukumwa chini ya mlango wake, na kukataa kungemlazimu amtafute Gunhild azungumze naye.

Saa kumi na moja kasorobo Hillevi na Melker walikuwa chini, wameketi kwenye benchi la chumba cha kufulia, kikapu cha nguo miguuni. Mashine namba tatu ilikuwa mbele yao, mdomo wazi. Melker aliishika soksi ya njano kwa vidole viwili, hatingishiki, kama mtu aliyeonyeshwa chakula baada ya mfungo akaambiwa subiri.

Simu ikatetema.

*Ameketi,* aliandika Börje. *Hajavua koti. Biskuti ya kwanza ni ya siagi.*

Kisha: *Ya pili. Inahusu shangazi aliyekufa Uppsala.*

Kisha: *Ya tatu. Bado tuko Uppsala.*

Hillevi aliziba mdomo. Kicheko kilimpanda puani. Kwa mara ya kwanza tangu Januari alijisikia kama msichana wa shule aliyemfungia mwalimu stoo.

Saa kumi na moja kamili ikafika. Zamu ya Rutger ilikuwa imeanza, na Rutger hayupo.

*Ya nne. Anatafuna kama sungura. Anatazama saa ya ukutani.*

*Gunhild amesimamisha saa ya ukutani. Ameanza kutazama ya mkononi.*

*Ya tano. Alinyanyuka. Gunhild akamwuliza kama ya mlozi ina kasoro. Akaketi.*

"Tayari?" Melker alisema.

"Bado kidogo, kipenzi. Kidogo sana."

*Ya sita,* aliandika Börje. Halafu, baada ya muda: *Hillevi, mikono yake.*

*Mikono imefanya nini?* aliandika.

Alitazama kioo cha simu mpaka kikajizima. Saa kumi na moja na nusu ikagonga kwenye saa ya chumba cha kufulia, ile yenye sauti kavu ambayo hakuna bibi wa kuisimamisha. Hillevi akasimama. Alizitia nguo kwenye mashine kwa haraka ya mwizi, Melker akatia soksi yake mwisho, akaushika mlango wa kioo kwa mikono miwili.

Tak.

Maji yakaanza kuingia. Ngoma ya mashine ikazunguka mara ya kwanza, na mabega ya Melker yakashuka kana kwamba kuna mtu ameuondoa mzigo mgongoni. Hillevi akayafumba macho yake. Simu ikatetema.

*Ya saba ameitia mfukoni. Amekimbia. KWA NGAZI.*

Miguu ilisikika ikishuka, mizito, bila mpangilio. Mlango wa chuma ukafunguka. Rutger alisimama kizingitini akihema, makombo kwenye kola. Koti lilikuwa limefunguka, na Hillevi akaona kwamba bila vifungo vile alikuwa mzee tu, mwembamba kuliko alivyomdhania.

Hillevi alikuwa ameandaa hotuba. Nusu saa. Sheria. Ubao. Aliifungua midomo yake, na ndipo alipoiona mikono. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kikisugua pindo la koti, kikisugua, kikisugua, pale ambapo kitambaa kilikwisha kupauka kwa kusuguliwa. Melker alikuwa na sweta tatu zilizopauka mahali hapohapo.

Rutger hakumtazama Hillevi. Aliitazama ngoma. Iligeuka, soksi ya njano ikapita, ikapotea, ikapita tena. Alisimama hivyo muda mrefu. Kisha akaenda akaketi kwenye ncha nyingine ya benchi, kwa uangalifu, akaacha nafasi ya watu wawili kati yake na mtoto. Melker hakugeuka. Lakini hakusogea pia, na Melker husogea hata akipitiwa na kivuli.

Mzee akatoa taulo ndani ya koti, akaliweka mapajani. Moja, jekundu, safi, limekunjwa vizuri.

"Hilo ndilo ulilokuja kufua?" Hillevi aliuliza.

"Ndiyo."

"Taulo moja?"

"Ndiyo."

"Mbona ni safi?"

Rutger aliliwaza swali. "Lazima kitu kionekane kikizunguka," alisema.

Hillevi alihisi uso ukimwaka moto. Wiki zote hizi. Wiki zote, huku mtoto wake akijipiga kwenye ngazi, alikuwa amemchora mzee huyu moyoni mwake na pembe na mkia. Kati yao palikuwa na mlango mmoja tu, tena haufungwi.

"Kwa nini Jumanne?" aliuliza. "Kuna siku nyingine tele."

"Kwa sababu ni Jumanne."

Melker, bila kuyatoa macho kwenye kioo, akaitikia kwa kichwa. Hatimaye mtu mzima mmoja amesema jambo lenye maana.

Mlango ukafunguka tena. Gunhild aliingia akiwa amemshikilia Börje mkono, sahani ya biskuti mkono wa pili, akihema kwa ngazi na kwa aibu.

"Rutger," alisema. "Nimekukosea. Nimekutesa kwa biskuti ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mama yangu anageuka kaburini."

"Ya mlozi ilikuwa kavu," alisema Rutger.

Gunhild akacheka mpaka ikabidi Börje amkalishe juu ya kikapu cha nguo. "Kavu! Miaka sitini natengeneza, watu wananisifia! Miaka sitini wananidanganya! Hillevi, umesikia? Huyu aje Alhamisi. Huyu ni wetu kabisa."

"Nilisema umwulize," alisema Börje.

"Nyamaza, Börje," wakasema Hillevi na Gunhild kwa pamoja.

Mashine ikafika kwenye kukamua. Sauti ikaanza chini, ikapanda, ikapanda. Na kwenye benchi, mtoto na mzee wakainuka kidogo, wote wawili, kana kwamba wamevutwa na uzi uleule, wakabaki hivyo hewani mpaka mluzi ulipokatika. Kisha wakaketi. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Gunhild alitafuta leso.

Walipozitoa nguo zote, Rutger alifua taulo lake, na Melker akakubali, baada ya kufikiri, kumwazima soksi.

Saa mbili ikagonga. Wakatoka wote hadi kwenye ubao. Haki ilikuwa ya Hillevi, kila mtu alijua. Rutger aliingiza ufunguo, akalichomoa kufuli lake, akalishika kifuani. Tundu la Jumanne likabaki tupu.

Hillevi aliinua kufuli lake. Ilikuwa rahisi. Kuchomeka, kugeuza ufunguo, na wiki ijayo mtoto wake angelala, angekwenda shule, angeimba. Alikipigania kitu hiki kwa uongo na kwa shangazi wa Uppsala. Lakini kidole gumba cha mzee kilikuwa kimerudi kwenye pindo la koti, na Hillevi alijua vizuri sana nani angekaa kwenye ngazi ya mwisho Jumanne ijayo, taa ikijizima.

"Sheria inasema zamu moja, nyumba moja," alisema Börje kwa sauti ya chini.

"Zamu moja, kufuli moja," alisema Gunhild. "Kuhusu nani anaketi kwenye benchi, sheria haisemi kitu. Nimekuwa kwenye kamati, mimi ndiye niliyeiandika, na sikufikiria mabenchi hata kidogo."

Hillevi akashusha mkono. "Weka lako," alimwambia Rutger. "Weka. Mimi nitachukua Alhamisi asubuhi. Nina mashuka ya tangu Januari."

"Sasa Hillevi ana zamu mbili, Jumanne ya benchini na Alhamisi!" alisema Gunhild kwa furaha. "Mwizi! Nilijua ana kipaji."

Rutger akachomeka kufuli lake kwenye tundu la Jumanne, akageuza ufunguo. Sauti ilikuwa ndogo na kavu, na ndipo moyo wa Hillevi uliporuka. Jumanne haikuwa tena mikononi mwake. Ilikuwa mikononi mwa mtu aliyezungumza naye kwa mara ya kwanza leo. Akichoka? Akiumwa? Akiamua kwamba mtoto ni kelele? Melker alikuwa ameuona ufunguo ukigeuka. Alijua namba zote za ubao ule. Alijua hiyo haikuwa namba yao. Ngumi yake ikaanza kujikunja.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu kwenye jengo lile aliyewahi kulifanya. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, akasimama mbele yake, akasema.

"Mlango nafunga mimi."

Maneno matatu kwa mtu asiyemjua. Börje, aliyelea mapacha, akashika ukuta.

Rutger hakutabasamu, wala hakumpapasa mtoto kichwani, wala hakumtazama mama yake kutafuta msaada. Aliyapima maneno yale kama mtu anavyopima mkataba kabla ya kutia sahihi, kifungu kwa kifungu. Akafunga koti lake, kifungo kwa kifungo, hadi kidevuni. Kisha akauambia ule ubao, kwa sauti kubwa kiasi cha kusikika hadi kwenye lifti:

"Jumanne, saa kumi na moja. Namba tatu. Taulo langu, soksi yako. Na mlango utaufunga wewe, Melker. Kila Jumanne. Nakuahidi."